Kabla Hujasema "Tuwashtaki": Funzo la Wakulima wa Darwan



Kila gazeti likimwita kijana wetu gaidi kabla hata hajasomewa mashtaka, ukurasa huu hujaa swali moja: "Kwani hawa watu hawashtakiki? Tuwapeleke kotini!" Hasira hiyo tunaielewa sana. Jina likishachafuliwa, mama anaona haya kwenda sokoni, dada anavunjiwa posa, na kijana mwenyewe akiomba kazi anaambiwa arudi kesho. Lile gazeti wiki ijayo linafungiwa mandazi, lakini lile jina linabaki pale pale.

Basi leo tuzungumze hii habari ya kuwashtaki wenye magazeti, na tuizungumze vizuri, si kwa mori tu. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka Australia. Kuna sababu tatu. Ya kwanza, huko magazeti yanapelekwa kotini mara nyingi mno, hadi mji wa Sydney umepewa sifa ya kuwa makao makuu ya kesi hizi duniani. Ya pili, sheria yao na yetu ni watoto wa mama mmoja, zote zimezaliwa na sheria ya Uingereza. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa, ni katika kesi ya aina hiyo ambapo wakulima Waislamu kutoka kijiji kimoja cha Afghanistan walipata nafasi ya kusema mbele ya jaji yale waliyoyaona kwa macho yao. Na jaji akawasikiliza.

Soma mpaka mwisho, maana kuna sehemu inayokuhusu wewe na simu yako.

SHERIA YENYEWE INASEMAJE?

Tangu Januari 2006 majimbo ya Australia yanatumia sheria zinazofanana kuhusu kuharibiwa jina. Ukitaka kulishtaki gazeti, unatakiwa uonyeshe mambo haya: kwamba maneno yalimfikia mtu mwingine, kwamba yanakuhusu wewe, na kwamba yanakushusha machoni pa watu wa kawaida. Si lazima jina lako liwe limeandikwa. Wanaokujua wakisoma wakasema "huyu ni fulani," umeshatambulika.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Mlalamishi hana kazi ya kuthibitisha kwamba maneno ni ya uongo. Sheria inaanza kwa kukuchukulia wewe kuwa mtu mwema. Gazeti ndilo lenye mzigo: likitaka kujitetea kwa ukweli, lilete ushahidi kwamba kile lilichoandika ni kweli, angalau katika kiini chake. Likishindwa kuthibitisha, hata kama mhariri anajua moyoni mwake kwamba habari ilikuwa sahihi, limeshindwa.

Utetezi mwingine upo. Kuna maoni ya dhati yaliyojengwa juu ya mambo ya kweli, kuna kuripoti kwa haki yaliyosemwa bungeni au mahakamani, na tangu Julai 2021 majimbo makubwa yameongeza utetezi wa maslahi ya umma. Mageuzi hayo ya 2021 yalimbana mlalamishi pia. Sasa lazima aonyeshe kwamba ameumizwa vibaya kweli kweli, si kukwaruzwa tu. Na kabla ya kwenda kotini lazima aandike barua ya malalamiko, na gazeti linapewa siku 28 za kutoa pendekezo la kusahihisha mambo. Muda wa kufungua kesi kwa kawaida ni mwaka mmoja.

Kuna watu na vitu visivyoweza kushtaki kabisa. Kampuni yenye wafanyikazi kumi au zaidi haiwezi, isipokuwa kama ni ya kutotafuta faida. Na maiti hana kesi. Ukifa, jina lako haliwezi kutetewa kwa sheria hii, hata na watoto wako. Liweke hilo kichwani, tutalirudia sasa hivi.

ALI JAN WA DARWAN

Tarehe 11 Septemba 2012, askari wa kikosi maalum cha Australia walivamia kijiji cha Darwan, mkoa wa Uruzgan. Siku hiyo aliuawa mkulima mmoja aitwaye Ali Jan, mume wa mtu na baba wa watoto. Maelezo ya upande wa askari yalikuwa mepesi: alikuwa mpelelezi wa maadui, akauawa vitani kihalali. Kwenye picha ya maiti palionekana redio ya mawasiliano, kama ya kuthibitisha kwamba ni adui. Basi, yamekwisha. Mkulima amekufa, jina lake limekufa na yeye, na dunia ikaendelea na shughuli zake.

Miaka ikapita. Mwaka 2018 magazeti ya The Sydney Morning Herald, The Age na The Canberra Times yakachapisha makala za waandishi Nick McKenzie, Chris Masters na David Wroe. Makala zilisema kwamba askari wa kikosi maalum aliwaua Waafghani waliokuwa wameshakamatwa, hawana silaha. Zile za kwanza hazikutaja jina la askari. Baadaye jina lilitajwa: Ben Roberts-Smith, aliyepewa Msalaba wa Victoria mwaka 2011, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi lao. Kwao huyu alikuwa shujaa wa taifa, picha yake imetundikwa katika makumbusho ya vita.

Roberts-Smith akakana yote, na akayashtaki magazeti kwa kumharibia jina. Angalia hapo, ndugu yangu: serikali haikuwa imempeleka popote. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kotini. Na alikuwa na watu wenye pesa nyuma yake; bilionea mwenye vyombo vya habari, Kerry Stokes, alimsaidia kugharamia.

Kesi ilianza katika Mahakama ya Shirikisho mjini Sydney mwezi Juni 2021. Ilisikilizwa siku 110, mashahidi 41, na gharama zikafika makumi ya mamilioni ya dola. Magazeti yangeweza kuogopa. Yangeweza kuomba radhi kwenye kona ya ukurasa wa ndani, yakalipa, yakanyamaza. Hayakufanya hivyo. Yalisimama kwenye utetezi mmoja ulio mgumu kuliko wote: tulichoandika ni kweli, na tutakithibitisha.

Mwisho wa Julai 2021, wanakijiji wa Darwan walikaa mbele ya kamera jijini Kabul, na mkalimani katikati, wakatoa ushahidi kwa mahakama iliyo upande wa pili wa dunia. Ni watu wa mashamba, watu wa Kipashto, hawana shahada wala cheo. Walieleza siku ile ilivyokuwa: askari walivyoingia, nani alifungwa mikono, nani alipigwa teke akaporomoka genge la mlima. Wakili wa upande wa pili aliwabana kwa maswali makali. Wakajibu. Majuma machache tu baadaye, tarehe 15 Agosti, Kabul ikaingia mikononi mwa Taliban. Subhanallah. Wangechelewa kidogo tu, pengine ushahidi ule usingesikika kamwe.

Lakini hawakuwa peke yao, na hapa ndipo penye funzo. Askari wa Australia wenyewe walipanda kizimbani dhidi ya mwenzao. Majina yao yalifichwa, wakaitwa kwa nambari. Mmoja aliyeitwa Mtu wa 4 alieleza kwamba aliliona lile teke. Hebu fikiria: mkulima wa Uruzgan na askari wa Australia, wasiojuana, wasiopendana, wasiozungumza lugha moja, wanaeleza tukio moja na maelezo yanakutana.

Tarehe 1 Juni 2023 Jaji Anthony Besanko alitoa uamuzi. Alisema magazeti yamethibitisha kwamba madai makubwa ni kweli kwa kiini chake: Ali Jan, akiwa amefungwa, alipigwa teke akaanguka kutoka juu ya genge, kisha akapigwa risasi kwa kushirikiana na wenzake. Ile redio ya kwenye picha iliwekwa pale baadaye. Kwa jumla jaji aliona mauaji manne yamethibitishwa. Na haki ni haki: madai mengine mawili ya mauaji hayakuthibitishwa, na jaji akasema hivyo pia. Rufaa ikatupwa Mei 2025. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya mwisho kabisa kwao, ikakataa kuisikiliza.

Tuwe waangalifu hapa kama tunavyowataka wengine wawe waangalifu juu yetu. Hii ilikuwa kesi ya madai, si ya jinai. Katika kesi ya madai jaji anapima mizani ielekee wapi, ingawa kwa tuhuma nzito kama hii anataka ushahidi mzito. Si sawa na kupatikana na hatia ya jinai bila shaka yoyote. Na Roberts-Smith mwenyewe siku zote amekana.

Sasa rudi kwa lile tulilokuambia uliweke kichwani. Maiti hana kesi. Ali Jan aliitwa mpelelezi wa maadui akiwa kaburini, na hakuna sheria ya kuharibiwa jina iliyompa yeye au watoto wake nafasi ya kulisafisha jina hilo. Lilisafishwa kwa njia ya pembeni, katika kesi ambayo haikuwa yake, kati ya askari tajiri wa sifa na makampuni ya magazeti. Lingebaki chafu mpaka Kiyama kama waandishi hawakutafuta mashahidi, na kama wakulima wale wangesema "kwani nani atatusikiliza sisi?"

WALIOANDIKA BILA KUJIANDAA

Usije ukadhani magazeti ya Australia hushinda kila siku. La hasha.

Mwishoni mwa 2017 gazeti la The Daily Telegraph la Sydney lilimweka mwigizaji Geoffrey Rush ukurasa wa mbele, kwamba alimfanyia mwenzake mambo yasiyofaa wakati wa mchezo wa kuigiza. Habari ilichapishwa kabla mwigizaji mwenzake hajazungumza na gazeti. Baadaye alikuja kutoa ushahidi, lakini mahakama haikuridhika kwamba mambo yamethibitishwa. Mwaka 2019 Rush akapewa dola 850,000 kwa jina lake, na ukijumlisha pesa za kazi alizopoteza ikafika karibu dola milioni 2.9. Rufaa ya gazeti ikakataliwa mwaka 2020.

Kisa kingine kidogo lakini kitamu. Mwaka 2014 magazeti ya kampuni ya Fairfax yaliandika kuhusu Joe Hockey, waziri wa fedha, na namna matajiri wanavyopata kukutana naye kupitia klabu ya kuchangisha pesa za chama. Jaji akasema makala yenyewe haina tatizo la kumharibia jina. Tatizo lilikuwa bango la matangazo lililosomeka kwamba waziri anauzwa, na tweet mbili zenye maneno hayo hayo. Aliyepita barabarani akaliona bango bila kusoma makala ataelewa nini? Kwamba waziri anakula rushwa. Hockey akapewa dola 200,000: 120,000 kwa bango na 80,000 kwa zile tweet mbili. Utafiti wote ule mzuri, na kilichowaponza ni maneno matatu.

Na kisa cha tatu kinahusu vita vile vile vya Afghanistan. Shirika la utangazaji la ABC lilichapisha habari zilizomhusisha aliyekuwa komando, Heston Russell, na tuhuma za kuuawa mfungwa wa Kiafghani. ABC ilijitetea kwa kutumia ule utetezi mpya wa maslahi ya umma. Oktoba 2023 mahakama ikaukataa, na Russell akapewa dola 390,000.

Linganisha sasa. Ni nchi moja, mahakama moja, mwaka mmoja, na tuhuma za vita kimoja. Kesi moja ilishinda kwa sababu walileta mashahidi wa pande zote mbili, nyingine ikaanguka kwa sababu mahakama haikuridhika na walichokuwa nacho mkononi. Uzito wa tuhuma haukumsaidia mtu. Na kila habari ya aina hii inapoanguka kotini, anayeumia zaidi ni yule aliyedhulumiwa kweli, maana kesho akisema, watu watamwambia, "Hizi si ndizo zile za uongo?"

NA MUISLAMU AKITAKA KUSHTAKI?

Mamdouh Habib ni raia wa Australia mzaliwa wa Misri. Alikamatwa Pakistan mwaka 2001, akapelekwa Misri, kisha Guantánamo, akaachiliwa Januari 2005 bila kufunguliwa mashtaka. Alipofika nyumbani akasema ameteswa. Mwandishi mmoja wa The Daily Telegraph akaandika kwa namna iliyomfanya aonekane mwongo. Habib akashtaki. Mwaka 2008 akashindwa. Jaji alisema hakuwa shahidi wa kuaminika. Hakukata tamaa, akakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya New South Wales ikautengua uamuzi ule. Miaka mitano baada ya makala! Na katika miaka hiyo, kila kitu alichowahi kusema kilichambuliwa neno kwa neno.

Hilo ndilo la kwanza kulijua. Ukienda kotini kutetea jina lako, maisha yako yote yanakwenda na wewe. Simu yako, posti zako za zamani, utani uliofanya na marafiki mwaka ule. Kama uliwahi kuandika upuuzi, jua utasomewa mbele ya jaji.

La pili ni pesa. Kwa kawaida msaada wa kisheria wa serikali ya huko haugharamii kesi hizi. Bilionea anaweza kumshika mkono askari. Mama mwenye duka la vitambaa hana wa kumshika mkono. Na anayeshindwa kwa kawaida hubebeshwa sehemu kubwa ya gharama za mwenzake.

La tatu ndilo linalotuuma zaidi. Sheria ya kuharibiwa jina inamlinda mtu, hailindi umma mzima. Gazeti likiandika "fulani bin fulani ni gaidi," fulani ana kesi. Likiandika "Waislamu ni hatari," hakuna hata mmoja wetu mwenye kesi, kwa sababu kundi ni kubwa mno na hakuna mtu mmoja aliyelengwa. Australia wana sheria nyingine ya taifa ya kuzuia ubaguzi, na mwaka 2011 mwandishi Andrew Bolt wa gazeti la Herald Sun alishindwa chini yake kwa yale aliyoandika kuhusu watu wenye asili ya Waaborijini. Lakini sheria hiyo ya taifa inataja rangi, kabila na asili ya taifa. Dini haimo. Ndiyo maana ndugu zetu wa huko wamekuwa wakililia hilo kwa miaka, jimbo kwa jimbo.

Kwa hiyo usidanganywe kwamba kila tusi lina kesi. Mengine dawa yake ni kujibu, kuandika na kuzungumza na wahariri, na ikibidi kususia.

KOMENTI YAKO NA UKURASA WETU

Dylan Voller alikuwa kijana Muaborijini aliyefungwa kizuizi cha watoto cha Don Dale. Julai 2016 televisheni ilionyesha alivyotendewa kizuizini, amefungwa kwenye kiti na kufunikwa kichwa, na nchi nzima ikashtuka. Magazeti yakaweka habari zake kwenye kurasa zao za Facebook. Chini yake wasomaji wakamwaga komenti za kumsingizia makosa mazito. Voller hakuwashtaki walioandika komenti. Aliyashtaki magazeti yenye zile kurasa.

Wenye magazeti wakasema: sisi hatukuandika, na wala hatukujua. Septemba 2021 Mahakama Kuu ikawakatalia, majaji watano kwa wawili. Ikasema mwenye kufungua ukurasa na kuwakaribisha watu watoe maoni, naye ni mchapishaji wa maoni hayo. Shirika la CNN likafunga ukurasa wake wa Facebook kwa wasomaji wa Australia. Baadaye, kuanzia Julai 2024, baadhi ya majimbo yamelegeza: mwenye ukurasa anaweza kujitetea kama aliweka njia rahisi ya kulalamika, na akachukua hatua ndani ya siku saba baada ya kupata malalamiko.

Na usiseme "Australia ni mbali, mimi niko Likoni." Tangu 2002, katika kesi ya mfanyibiashara Joseph Gutnick wa Melbourne dhidi ya kampuni ya Marekani Dow Jones, Mahakama Kuu ya Australia ilisema maneno ya mtandaoni huhesabiwa yamechapishwa pale yanaposomwa, si pale kompyuta ilipo. Ukimchafua mtu wa Melbourne ukiwa kitandani kwako, na majirani zake wakasoma, umemchafua Melbourne.

Sasa unaelewa kwa nini tunafuta komenti zingine na mnatununia? Mtu anaandika jina la jirani yake, "huyu ndiye jasusi aliyemuuza kijana wetu." Ushahidi? "Nimesikia." Ndugu yangu, hapa kwetu neno hilo halimharibii mtu jina tu, linaweza kumtoa roho. Na likiwa si kweli, utamjibu nini Mola wako?

BASI TUFANYE NINI?

Kenya mwaka 2017 Mahakama Kuu yetu iliondoa kosa la jinai la kumharibia mtu jina, kwa hiyo usitishwe na mtu kwamba utafungwa jela kwa sheria ile. Lakini kesi ya madai ipo, na mlango wake una muda. Kwetu pia ni miezi kumi na mbili. Kwa hiyo:

Gazeti likikuchafua, nunua nakala na uiweke. Kama ni mtandaoni, piga picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa siku hiyo hiyo, kabla haijafutwa. Andika majina ya watu waliokuuliza kuhusu habari hiyo, na nini umepoteza kwa sababu yake: kazi, mkopo, posa. Hayo ndiyo madhara, na kotini yanatakiwa kuonyeshwa.

Andika barua kwa mhariri, kwa adabu, ukitaja neno gani si kweli na ukweli ni upi. Wengi husahihisha hapo hapo. Ikishindikana, Baraza la Vyombo vya Habari lina Tume ya Malalamishi, na huko si lazima uwe na mamilioni. Wakili muone mapema, usingoje mwezi wa kumi na moja.

Na wewe unayerekodi dhuluma, usiache. Wallahi tunakuhitaji. Ila fanya kama walivyofanya wale waliomtetea Ali Jan. Mtafute aliyeona, si aliyesikia. Tafuta wa pili asiye rafiki ya wa kwanza. Andika saa, mahali, na namba ya gari. Muulize anayetuhumiwa upande wake. Kichwa cha posti kisizidi kile ulicho nacho mkononi. Kama unajua kijana amechukuliwa lakini hujui nani amemchukua, sema hivyo hivyo. Hiyo si woga. Posti hiyo haitaangushwa na wakili yeyote, na mama yake kijana ataweza kuishika mbele ya jaji.

Haya si mageni kwetu. Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, na hapo hapo ikatukataza kudhaniana vibaya na kusengenyana. Suratun Nur ikaweka adhabu kali kwa anayewasingizia wanawake wema uchafu asilete mashahidi wanne. Dini yetu ilijua thamani ya jina la mtu na thamani ya shahidi karne nyingi kabla Sydney haijawa mji. Na dini hiyo hiyo imetukataza kuficha ushahidi. Wale wakulima hawakuuficha.

Basi tukilia kwamba magazeti yanaandika kuhusu vijana wetu bila ushahidi, ukurasa huu nao usiwe gazeti la aina hiyo hiyo. Una ushahidi? Ulete, tutausimamia pamoja na wewe mpaka mwisho inshallah. Huna? Nenda ukautafute kwanza.

Allah amrehemu Ali Jan na wote waliouawa wakadhulumiwa na majina yao, atupe ndimi za kweli na mioyo isiyoogopa kuisema. Amin.

Wassalamu alaykum.